Mzazi ni Mwenye Shule au ni Mteja?

Mwezi Oktoba mwaka 2025, wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma tulipokuwa katikati ya mgomo uliodumu kwa siku 49, nilijipata na wasaa ambao mtu wa kazi yangu huupata kwa nadra. Katika juma moja nilihudhuria mikutano miwili ya wazazi. Mmoja ulifanyika katika shule ya upili ya kutwa, ya umma, hapa Thika, si mbali na mto Chania. Hapo ndipo asomapo mwanangu. Mwingine ulifanyika katika shule ya kibinafsi upande wa Ruiru, nikiwa nimetumwa na dada yangu aliyekuwa safarini. Sitazitaja shule hizo kwa majina, kwa sababu ninayotaka kuyasema yangeweza kusemwa kuhusu shule nyingi kati ya Githurai na Thika.

Nianze na mkutano wa Ruiru. Mahema yalikuwa yamesimamishwa uwanjani, viti vya plastiki vimevikwa vitambaa vyeupe, na kila mgeni akapewa chai na andazi. Mkurugenzi alizungumza kwa muda wa saa nzima, kwa Kiingereza safi, akatueleza habari za basi jipya la shule na maabara ya kompyuta. Mwishoni mzee mmoja aliyeketi nyuma yangu akainuka, akauliza kwa adabu kwa nini karo iliongezwa katikati ya mwaka bila wazazi kuarifiwa. Mkurugenzi akatabasamu. Akajibu kwamba shule ni biashara kama biashara nyingine, kwamba bei ya unga na ya mafuta haikumwarifu yeye pia kabla ya kupanda, na kwamba lango la shule halina kufuli: asiyeridhika yuko huru kumwondoa mwanawe. Watu wakacheka. Yule mzee naye akacheka, akaketi. Mkutano ukafungwa kwa sala.

Ule wa Thika haukuwa na hema. Tulikusanyika katika bwalo la chakula, wengine tumeketi juu ya meza, wengine wamesimama madirishani. Kelele zilikuwa nyingi. Mama mmoja alitaka kujua fedha za maabara zilizochangwa miaka miwili iliyotangulia zilikwenda wapi. Mweka hazina akasoma hesabu ambazo hakuna aliyezisikia vyema. Vijana wawili wa baraza la wanafunzi wakaruhusiwa kusema, wakalalamikia vyoo. Mwalimu mkuu, mtu mwungwana ambaye namheshimu, akaeleza kwamba mgao wa serikali ulikuwa unafika kwa mafungu, tena kwa kuchelewa, na kwamba shule isingeweza kuendelea bila kila mzazi kuongeza shilingi 4,500 kwa muhula, za chakula cha mchana na masomo ya jioni. Kisha akasema maneno ambayo yamenitia mikononi kalamu hii. Alisema: “Ninyi wazazi ndio wateja wetu, na mteja ni mfalme.”

Tukapiga kura kwa kuinua mikono. Nami niliinua wangu. Nitaurudia mkono huo baadaye.

Kwa mtu wa isimu, neno halipiti hivi hivi. Kamusi zetu za Kiswahili hutoa maana mbili za neno mteja. Ya kwanza ni ile tuijuayo sote, ya mnunuzi aliyezoea kununua kwa mtu fulani. Ya pili ni kongwe na siku hizi haisikiki sana: mteja ni mgonjwa aliye chini ya mganga. Maana hizi mbili hazitengani sana. Mgonjwa wa mganga haulizi dawa imechanganywa na nini, wala haketi na mganga kuamua ada. Akiona haponi, hiari yake ni moja tu, nayo ni kwenda kwa mganga mwingine. Mnunuzi wa dukani ni vivyo hivyo. Yeye huchagua duka, lakini hana kauli juu ya namna duka linavyoendeshwa. Yule mzee wa Ruiru aliambiwa jambo hilo kwa ufasaha mkubwa. Sasa ni mfalme wa aina gani huyu ambaye amri pekee awezayo kuitoa ni ya kujiondoa mwenyewe katika ufalme?

Mzazi wa shule ya umma, kinyume cha hayo, ni mwenye shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeweka nafasi sita za wawakilishi wa kuchaguliwa wa wazazi katika bodi ya usimamizi, na humo humo ikaweka nafasi ya mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Hili si jambo dogo. Wakenya wengi hawatawahi kugombea kiti cha bunge wala cha kaunti. Mahali pekee ambapo watawahi kumwuliza mtu mwenye mamlaka, ana kwa ana, fedha zetu zimekwenda wapi, ni katika bwalo la shule, pamoja na kelele zake zote. Kijana wa miaka 16 aliyesimama mbele ya umati wa watu wazima kulalamikia vyoo amejifunza juu ya uraia somo ambalo silabasi haina namna ya kumfunza. Ndiyo maana nadiriki kusema kwamba suala la nani alipe karo haliwezi kutengwa na suala la demokrasia.

Tulifikaje hapa? Wasomaji vijana huenda wakadhani mambo yamekuwa hivi tangu enzi. La hasha. Mwaka 1988, kufuatia ripoti ya Kamunge, serikali ilitoa waraka rasmi wa bunge nambari 6 ulioidhinisha utaratibu uliokuja kuitwa kugawana gharama. Huo ulikuwa wakati wa mipango ya marekebisho ya uchumi iliyoshinikizwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kenya ilikuwa imepokea mkopo wake wa kwanza wa aina hiyo mwaka 1980. Serikali ikabaki na mishahara ya walimu, na mengineyo, yaani majengo, madawati, vitabu na hata chaki, yakaachiwa wazazi.

Hebu tulitazame neno lenyewe, kama tufanyavyo darasani. Kugawana ni kauli ya kutendana. Kiambishi -an- kinadai pande mbili zinazotendeana, kama katika kusaidiana, kushauriana na hata kupigana. Wawili huketi, wakakubaliana, kila mmoja akatwaa fungu lake. Je, mzazi wa Gatundu au wa Kiandutu aliketi na nani mwaka 1988? Bunge la wakati huo lilikuwa la chama kimoja, na uchaguzi wa mwaka huo ndio ule ambao wananchi walipangwa foleni nyuma ya wagombea. Hapakuwa na kutendana hapo. Iliyokuwapo ni kauli ya kutendwa.

Mimi ni zao la miaka hiyo. Baba yangu alikuwa mfanyakazi katika kiwanda kimoja cha nguo mjini Thika. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mitumba ikafurika, kiwanda kikapunguza watu, naye akawa miongoni mwao. Kwa hivyo soko huria lilitujia kwa milango miwili: kwa mmoja likatwaa mshahara, kwa mwingine likaleta deni la karo. Mwaka 1995, nikiwa kidato cha pili, nilirudishwa nyumbani mara nne katika muhula mmoja. Sisi tuliorudishwa hatukwenda nyumbani moja kwa moja. Tulijua hakuna kitu huko, na hatukutaka kuziona nyuso za mama zetu. Tulishuka hadi Chania, tukaketi juu ya mawe, tukafua soksi zetu, tukafanyishana mazoezi ya hisabati mpaka jua likapinduka. Sina kinyongo na shule ile. Mwalimu mkuu naye alikuwa akidaiwa na mwuza mahindi.

Mwaka 1991 una kejeli yake. Ndio mwaka ambao wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma walianza kutakiwa kulipa karo ya shilingi 6,000, wakaandamana, na vyuo vikafungwa. Ndio mwaka pia ambao, mwezi Desemba, kifungu cha 2A cha Katiba ya wakati huo kilifutwa na mfumo wa vyama vingi ukarejea. Mwaka mmoja ukaturudishia kura na kutupunguzia elimu.

Lakini kura hiyo haikukaa bure. Uchaguzi wa Desemba 2002 uliing'oa KANU madarakani, na ahadi iliyokumbukwa na wengi ilikuwa ile ya elimu ya msingi bila malipo. Januari 2003 milango ikafunguliwa. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikaruka kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, akaingia darasa la kwanza kule Eldoret. Mwaka 2008, baada ya uchaguzi mwingine, serikali ikaanza kugharamia masomo katika shule za upili za kutwa. Katiba ya 2010, iliyopitishwa kwa kura ya maoni, ikaitaja elimu kuwa haki katika kifungu cha 43, na katika kifungu cha 53 ikamhakikishia kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Naomba msomaji alizingatie jambo hili: kila hatua kubwa ya kuirudisha elimu kwa umma ilipitia katika sanduku la kura. Hatua za kuiondoa hazikupitia huko.

Chukua mfano wa Julai 2025. Waziri wa Fedha, Bw John Mbadi, aliiambia kamati ya Bunge kwamba serikali haimudu tena kutoa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili, na kwamba kilichowezekana ni kama shilingi 16,900. Palizuka zogo, na viongozi wengine wa serikali wakajitokeza kusema kwamba elimu ya bure ingaliko. Yamkini iko. Lakini tofauti ya shilingi elfu tano na ushei haikupotelea hewani. Ndiyo iliyoshuka hadi katika bwalo letu la Thika ikiwa imevaa jina la chakula cha mchana na masomo ya jioni. Hapana mgombea aliyesimama jukwaani akaomba kura kwa ahadi ya kuzipunguza fedha hizo.

Nikiilaumu serikali peke yake nitakuwa nimedanganya. Baada ya 2003 madarasa yalifurika na walimu hawakuongezwa kwa kiasi hicho. Wazazi wenye uwezo wakaanza kuwahamisha watoto wao, na si siri kwamba baadhi yao walikuwa walimu wa shule hizo hizo za umma. Ruiru ni shahidi. Katika sensa ya 2019 mji huo ulihesabiwa kuwa na watu 490,120, wa nne kwa ukubwa nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Mashamba ya kahawa yalikatwakatwa vipande vya kuuza, kila kipande kikapata mwenyewe, na mara nyingi ardhi ya shule ya umma haikukumbukwa. Pengo hilo likazibwa na akademi, nyingine zikiwa ndani ya nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa ajili ya wapangaji, watoto wakicheza kwenye ngazi. Upande mwingine iko Tatu City, mji uliojengwa na kampuni juu ya ardhi iliyokuwa ya kahawa, wenye shule za kibinafsi za Nova Pioneer na Crawford. Baina ya akademi ya ghorofani na shule hizo ipo tofauti kama ya mbingu na ardhi kwa bei na kwa vifaa, lakini uhusiano wa mzazi na shule ni ule ule.

Aliyeondoka katika shule ya umma hakuondoka na mtoto peke yake. Aliondoka na sauti yake. Wakili, daktari, mhandisi, mfanyakazi wa benki, wale wajuao kusoma hesabu na wasioogopa kumwuliza mwalimu mkuu swali la pili baada ya la kwanza kujibiwa vibaya, hawamo tena bwaloni. Walioachwa ni wale ambao siku ya mkutano ni siku ya kibarua. Halafu tunashangaa kwamba fedha za maabara hazina maelezo.

Chuo kikuu ninachokitumikia hakikusalimika, wala mimi sijioni kuwa msafi. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo sambamba kwa wanafunzi wajilipiao, na vyuo vingine vya umma vikafuata. Nilifundisha madarasa hayo ya jioni kwa miaka kadhaa. Nyumba ninayoishi ina mawe yaliyonunuliwa kwa malipo hayo. Niliona idara zikipimwa kwa fedha ziletazo, na nikasikia isimu ikisemwa katika vikao kwamba haina soko. Siku moja mwanafunzi aliyepata alama mbaya alinijia ofisini, akaniambia bila hasira wala mzaha, “Lakini nimelipa.” Kwa mantiki ya mteja alikuwa na haki. Aliyenunua shati hapewi nusu ya shati.

Kisha soko lenyewe likakauka. Mtihani wa KCSE wa 2016 uliposahihishwa kwa ukali na waliopata alama ya C+ kwenda juu wakawa wachache, serikali ikawachukua karibu wote, na wajilipiao wakapungua mno. Vyuo vilivyokuwa vimefungua mabewa katika kila mji vikabaki na kodi za majumba na madeni. Mei 2023 ukatangazwa utaratibu mpya wa ufadhili: kila shahada ikaandikiwa bei yake, na kila mwanafunzi akajibu maswali ya kupima umaskini wa kwao, akatiwa katika fungu lake. Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba utaratibu huo ulikiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa. Miongoni mwa malalamiko ya waliokwenda mahakamani ni kwamba umma haukushirikishwa. Tumerudi pale pale pa mwaka 1988, penye kauli ya kutendwa.

Wazo kwamba fedha zimfuate mwanafunzi badala ya kupewa taasisi si geni duniani. Chile ililianza mwaka 1981, katika shule, chini ya utawala wa kijeshi wa Pinochet, wakati ambapo nchi hiyo haikuwa na bunge la kulijadili. Ilichukua robo karne kabla ya wanafunzi wa shule za upili kujaa barabarani mwaka 2006, wakafuatwa na wa vyuo vikuu mwaka 2011. Na mwaka 2016 ndipo wanafunzi wa familia maskini walipoanza kusoma chuo kikuu bila karo. Nalitaja hili kwa sababu tuna mazoea ya kudhani kwamba mambo haya ni ya Thika tu.

Msomaji makini atakuwa na swali, na ni swali zuri. Je, wazee wetu hawakulipia elimu? Mbona kulipa kwao hakukuua uraia, bali kuliujenga?

Ukiifuata barabara itokayo Ruiru kupanda magharibi utafika Githunguri, sehemu ijulikanayo leo kwa maziwa. Hapo, mwaka 1939, kilifunguliwa Chuo cha Walimu cha Waafrika, kikiongozwa na Mbiyu Koinange aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani. Kilikusudiwa kutoa walimu wa shule huru za Wakikuyu, zile za KISA na za Karing'a, zilizochipuka baada ya mgogoro wa mwaka 1929 na makanisa ya wamishonari. Fedha zilichangwa na watu wenyewe, kwa marika. Rika lilishindana na rika jingine. (Neno hili ni letu sote: Kikuyu husema riika, Kiswahili rika, nayo maana haijahama.) Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza alikuja kukiongoza chuo hicho. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ya kikoloni ilikifunga chuo pamoja na shule zile, au ikazitwaa na kuziweka chini ya bodi za wilaya. Na pale Githunguri pakawa mahali pa kunyongea watu. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuaga Mei 2025, alikuwa mwanafunzi katika mojawapo ya shule za Karing'a kule Limuru, na ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha jinsi badiliko hilo lilivyokifanya Kiingereza kuwa lugha ya masomo yake.

Naam, wazee walilipa, na walilipa kwa jasho kuliko sisi. Hata hivyo, hawakuwa wateja. Aliyetoa mbuzi au shilingi alikuwa na neno juu ya nani aajiriwe na nini kifundishwe. Aliyekosa mbuzi alibeba mawe, na neno lake likasikika vile vile. Palikuwa na ugomvi, tena mwingi, na wa fedha. Ila ulikuwa ugomvi wa wenye nyumba. Ukoloni haukuziogopa shule zile kwa sababu ya majengo yake ya udongo. Uliogopa watu waliokuwa wamezoea kuketi katika kamati na kujiamulia mambo. Shule nyingi za harambee baada ya uhuru zilirithi tabia hiyo, ijapokuwa wanasiasa walijifunza upesi kuzigeuza jukwaa lao. Kwa hivyo sisemi kwamba kuchanga ni dhambi. Nauliza aliyechanga amepata nini: amepata kiti katika kamati, au amepata risiti tu?

Sasa niurudie mkono wangu.

Siku nne baada ya mkutano nilipita sokoni Makongeni. Mama mmoja ambaye huniuzia mboga kwa miaka mingi alikuwa kibandani pake, na binti yake alikuwa kando akichambua kunde, amevaa sare ya shule, saa tano za mchana, siku ya Jumanne. Ni shule ile ile ya mwanangu.

“Mbona hakwenda shule, mama?”

“Amerudishwa, mwalimu. Zile elfu nne na mia tano. Wanasema wazazi ndio waliopitisha.”

“Kwani wewe hukuwa mkutanoni?”

“Mkutano ulikuwa Ijumaa saa nne. Nani angeniuzia?”

Sikuwa na la kumjibu. Nililipa mboga zangu nikaenda. Njiani nikawa nahesabu: ukumbi ule haukuwa na hata nusu ya wazazi. Walioinua mikono ni walioweza kuja, na walioweza kuja ni wale ambao, kama mimi, hawakatwi mshahara kwa asubuhi moja. Tulipiga kura halali kwa macho, tukahesabiana, tukapigiana makofi, na matokeo yake yakawa msichana wa kidato cha pili kuchambua kunde. Mkutano wa namna hiyo si wa wananchi. Ni mkutano wa wenye hisa.

Nilipofika nyumbani nikaifungua sheria. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Malipo mengine yanaweza kutozwa kwa idhini ya Waziri, kwa sharti kwamba hakuna mtoto atakayenyimwa kuhudhuria shule kwa kukosa kuyalipa. Kwa hivyo hata kama sote tungaliinua mikono miwili miwili, hatukuwa na mamlaka ya kumrudisha mtoto yule. Mwalimu mkuu anaijua sheria hiyo. Mimi nilipaswa kuijua. Mwuza mboga hakuwa na namna ya kuijua.

Nikafanya lile ambalo msomi wa Kenya hulifanya. Nilimpigia simu mtu ninayemjua. Kesho yake asubuhi binti akawa darasani, na mama akanishukuru hata nikaona haya, kwa maana alinishukuru kama mtu aliyefanyiwa fadhila. Haki yake ilikuwa imegeuka hisani yangu. Ni wangapi wengine waliorudishwa juma lile ambao mama zao hawana mhadhiri anunuaye mboga kwao, sikuuliza, na mwalimu mkuu hakuniambia.

Muhula uliofuata barua ya mkutano mwingine ilikuja. Kurasa mbili, kwa Kiingereza kitupu, ijapokuwa kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Mama yule alikuwa ameihifadhi chini ya mizani. “Nisomee, mwalimu,” akasema, “kuna mahali pameandikwa fedha.” Niliichukua nyumbani nikaitafsiri usiku ule, na haikuwa kazi nyepesi, kwa kuwa barua yenyewe ilikuwa imeandikwa ili ionekane rasmi kuliko ieleweke. Ilianza kwa kumwita mpokeaji mteja mheshimiwa. Mimi nikaandika mzazi. Kwa haki ya tafsiri hilo ni kosa, nami ningelikosoa katika karatasi ya mwanafunzi wangu.

Nilimpelekea nakala thelathini, akazigawia wenzake wa sokoni. Aliisoma yake yote, akiwa amesimama, akifuatisha kwa kidole. Mkutano ulikuwa Ijumaa tena, saa nne asubuhi. Akasema angemwachia jirani kibanda kwa saa mbili, lakini kwanza nimwambie ukweli: mzazi anayedaiwa huruhusiwa kupiga kura?

Nilimwambia kwamba anaruhusiwa. Alinitazama kama mtu anayepima nyanya. Kisha akaniomba nimwandikie kifungu chenyewe, kwa Kiswahili, katika karatasi ambayo angeweza kwenda nayo.